Ujira wa Paa la Mama

Paa la nyumba ya mama lilianza kuvuja mwaka uleule niliopandishwa cheo reli. Kama mambo hayo mawili yasingekutana, huenda mama angekufa akiwa mzee zaidi, na huenda mimi ningekuwa mtu wa kulala usingizi. Lakini yalikutana, na aliyeyakutanisha ni mimi.

Nilikuwa karani wa mizigo stesheni ya Tabora, enzi za Mwingereza. Niliandika kila gunia lililoshuka na kila gunia lililopanda, karanga, mpunga, nta, ngozi, na sikuwahi kukosea hata gunia moja. Nilipanga chumba Mtendeni. Nilivaa kaptura nyeupe na soksi ndefu, na nilipopita sokoni watu waliniita bwana karani. Niliipenda sauti hiyo kuliko inavyofaa kuipenda.

Mama alikuwa mjane. Aliishi kijijini kwetu, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka stesheni ya Igalula, katika tembe aliyoijenga babu yangu mzaa baba. Ilikuwa nyumba ndefu ya udongo yenye paa bapa: boriti, juu ya boriti fito, juu ya fito nyasi, na juu ya nyasi udongo ulioshindiliwa mpaka ukawa mgumu kama uwanja. Juu ya paa hilo mama alianika mtama na karanga zake, na jirani zake wasio na paa zuri walileta za kwao wakaanika pamoja. Wakati wa mavuno palikuwa na wanawake wengi juu ya nyumba yetu kuliko ndani yake.

Babu alikuwa mpagazi. Njia ya misafara ilipita nyuma ya shamba letu, na utotoni mwangu ilikuwa bado inaonekana, imezama chini kwa kukanyagwa ingawa reli ilikuwa imekwisha kuinyang'anya watu wake. Babu aliifuata hadi pwani mara tatu akiwa na pembe begani, akalipwa kwa vitambaa. Alijua ujira ni nini kabla ya baba yangu kuzaliwa. Hata hivyo aliporudi na kuijenga tembe ile hakumkatia mtu hata shibiri ya kitambaa. Jambo hilo nililisikia tangu nikiwa mtoto, na nililichukua kuwa ushamba wa wazee.

Kwetu nyumba ilijengwa hivi. Mwenye kazi alikwenda kwa mnyampara wa kikundi cha kulima, ambaye kwetu alikuwa mzee mmoja jirani, mwembamba, mwenye ngoma. Mzee akawapasha habari wenzake. Siku ikifika walikuja alfajiri na ngoma yao, wakaimba, wakafanya kazi, wakala. Mama alikuwa Mkristo wa Kimoravia, hakupika pombe, lakini togwa lake lilisifiwa mpaka ng'ambo ya mto. Wakishakula, mwenye kazi aliwazungukia mmoja mmoja, akamwuliza kila mtu: "Nije lini kwako?" Aliyeulizwa hakutaja siku. Alisema tu, "Nitakuita." Hapo ndipo kazi ilipohesabiwa kuwa imekwisha, ingawa kwa kweli ilikuwa ndiyo inaanza, maana siku moja ungeitwa, na usingekosa.

Masika ya mwaka ule mchwa walikuwa wamezila boriti mbili. Mama aliniambia kwa mzaha kwamba amehamisha kitanda mara nne na sasa amebakiwa na kona moja tu ya kuombea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nilikuwa na cheo kipya na mshahara mpya. Niliamua si kuziba ufa bali kuondoa paa lote la udongo na kuweka bati. Katika kijiji chetu hapakuwa na nyumba ya bati. Nakiri kwamba nilipoifikiria sikuiona mvua, niliiona nyumba yenyewe ikimeta kutoka mbali na watu wakiuliza ni ya nani.

Jioni moja Mtendeni nilikaa mezani nikaigawa karatasi kwa mstari. Upande mmoja niliandika gharama ya kuita watu kwa desturi. Mbuzi wawili, unga, chumvi, togwa la siku nne, na mama kusaga wiki nzima. Halafu nikafika kwenye jambo lililonishinda. Watu kumi na wanne wakija kwangu, nami ninadaiwa siku kumi na nne za jembe katika mashamba yao, maana desturi huhesabu mwito, si siku. Ningezitoa wapi? Bwana mkubwa wa stesheni hakuwa mtu wa kuendewa na kuambiwa, naomba ruhusa nikawalimie majirani wa mama. Na viganja vyangu navyo vilikuwa vimekwisha kuwa laini, nami nilijivunia ulaini huo.

Upande wa pili niliandika ujira: shilingi moja na nusu kwa mtu kwa siku. Nikajumlisha. Ujira ulikuwa rahisi, tena ulikuwa safi. Unalipa, unafunga daftari, unapanda treni. Nilirudia hesabu mara mbili kwa sababu nilikuwa karani mzuri, na mara zote mbili ilikuja sawasawa. Hesabu ile haikuwa na kosa. Nimelitafuta kosa miaka yote hii na sijaliona.

Nilipokwenda kumweleza mama, alikuwa anapepeta. Hakuacha kupepeta.

"Fundi wa bati mlipe," alisema. "Huyo ametoka mjini, hana shamba huku. Lakini hawa wengine ni watu wetu."

"Mama, siku zao nani atazirudisha?"

"Mimi."

Nikacheka. "Wewe? Na mgongo huo?"

"Mgongo huu ndio uliokusomesha, baba."

Nilimwambia kwamba dunia imebadilika, kwamba hata reli haikujengwa kwa togwa. Akapuliza makapi, akasema, "Haya. Wewe ndiye unayejua kuandika." Nilidhani amekubali.

Mwezi wa tisa nilichukua likizo. Bati zilishuka Igalula nikazipandisha kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na fundi akaketi juu yake kama bwana harusi. Alikuwa mtu wa mjini Tabora, mnene, mwenye maneno. Alikunywa chai mara tatu kabla ya adhuhuri na kila mara alinikumbusha kwamba cha rahisi ni ghali, hasa nilipomnunulia misumari mifupi. Tulipatana kwa siku, si kwa kazi, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, kwa sababu fundi wa siku hana haraka na jua. Lakini kosa hilo liligusa mfuko tu. Mfuko unapona.

Asubuhi ya kwanza walikuja wote kumi na wanne, na ngoma. Walikuwa wameitwa na yule mzee, wakidhani ni kazi kama kazi zote. Niliwaamkia wakubwa, shikamoo, wakaitika marahaba, kisha nikapanda juu ya rundo la udongo na kuwatangazia kwamba safari hii nitawalipa, shilingi moja na nusu kwa siku, taslimu, siku ya mwisho. Nilitegemea shangwe. Walimtazama mama. Mama alitazama chini.

Mzee mwenye ngoma alisema, "Sawa, baba. Nyumba ni yako."

Walibomoa paa la babu siku hiyo, ili kesho yake wainue kuta kwa matofali zibebe bati. Udongo ulianguka kwa vumbi jingi, na ndani yake zilitoka punje za mtama wa miaka iliyopita, na shanga moja, na kichwa cha mwanasesere wa udongo ambaye nafikiri alikuwa wa dada yangu aliyefariki mdogo. Mama alikiokota akakitia kwenye pindo la kanga. Siku ya pili ngoma haikuja. Sikuuliza sababu. Nilifikiri tu kwamba kazi itakwenda upesi zaidi bila nyimbo.

Haikwenda upesi. Jua lilipoegemea, mahali pale ambapo siku nyingine wangesema "tumalizie mstari huu," waliweka chini ndoo za udongo, nusu ya mstari wa matofali ikiwa bado, wakanawa mikono. Walikuwa sahihi. Siku imekwisha, na mimi ndiye niliyewafundisha siku ni nini. Siku ya tatu mmoja wao alichelewa kwa sababu ng'ombe wake alikuwa anazaa. Nilimwandikia nusu siku. Nililiandika jambo hilo kwa mwandiko mzuri, mbele yake, naye akasimama akiangalia kalamu inavyokwenda. Mtu huyo ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda zahanati ya misheni nilipoumwa na nyoka nikiwa na miaka saba. Nikikumbuka nusu siku ile naona haya mpaka masikio yanapata moto.

Siku ya nne bati la mwisho lilipigiliwa. Nyumba ilimeta kweli, kama nilivyotaka. Nilitoa meza nje, nikafungua daftari, na kando yake nikaweka kidau cha wino nilichokiazima stesheni. Niliita majina kwa mpangilio. Kila mtu alikuja mbele, akapokea fedha zake, akaweka dole gumba kwenye wino, kisha kwenye daftari. Nyuma yangu, jikoni, mama alikuwa amepika. Sikumwagiza. Alikuwa amechinja majogoo yake mawili na kusonga ugali wa watu ishirini, na togwa lilikuwa tayari kwenye mtungi.

Hakuna aliyekaa. Si kwa hasira. Walikuwa watu wa adabu. Kila aliyepokea alisema asante, akamuaga mama, akaenda zake, kama wanavyoondoka vibarua wa stesheni Jumamosi. Mzee alikuwa wa mwisho. Alilitazama dole lake jeusi, akatafuta mahali pa kulifutia, akalifuta ukutani, kwenye udongo mbichi karibu na mlango.

"Basi," alisema, "kazi imekwisha."

"Imekwisha, mzee. Asanteni sana."

Mama alikuwa amesimama mlangoni akinitazama usoni, kwa namna ambayo sikuielewa. Sasa najua alikuwa anangoja niulize. Alikuwa ananipa nafasi ya mwisho. Mzee naye alikawia kidogo, akisugua dole ambalo lilikuwa limekwisha kutakata. Mimi nilifunga daftari. Mzee akaondoka, na mama akaingia jikoni kufunika vyungu. Tulikula kuku hao siku tatu, mimi na yeye na fundi, na fundi peke yake ndiye aliyewafurahia.

Mvua za mwaka huo zilipoanza, nilipokea barua ya mama iliyoandikwa na mwinjilisti. "Paa halivuji, Mungu ashukuriwe. Mchana ni joto, nalala jikoni. Karanga naanika chini, kuku wanazila. Shamba nimelima kadiri ya nguvu." Niliisoma sentensi ya kwanza kwa sauti mbele ya makarani wenzangu. Zile nyingine nilizipitia tu kwa macho, kama mtu anayesoma orodha ya mizigo isiyo yake. Mtu yeyote wa kwetu angeona kilichokuwa kinasemwa pale. Mama hakuwahi kulima kadiri ya nguvu maisha yake yote. Kila mwaka ngoma ilikuja shambani kwake, kwa sababu kila mwaka alikwenda kwao.

Mwezi wa kwanza nilipata siku tatu. Nilishuka Igalula asubuhi, nikatembea na mwavuli, na sukari na sabuni mfukoni. Nyumba ilikuwa imefungwa. Shamba la mama nyuma ya nyumba lilikuwa na matuta machache, madogo, na zaidi ya nusu yake lilikuwa nyasi. Jirani mmoja mwanamke aliyekuwa anachota maji aliniamkia, nikamwuliza mama yuko wapi. Alitua ndoo chini kwanza.

"Yuko kwa mzee," alisema. "Shambani."

Nilikwenda. Nilimwona kutoka mbali kabla hajaniona. Alikuwa katikati ya shamba la yule mzee mwenye ngoma, peke yake, amefunga kanga kiunoni, anainua jembe na kulishusha, anainua na kulishusha, taratibu kama mtu anayepanda kilima. Mzee alikuwa amekaa pembezoni juu ya gogo, mikono magotini, hana raha. Aliponiona alisimama.

"Nimemkataza, baba," alisema kabla hata sijamwamkia. "Sote tumemkataza. Anaingia tu shambani kwa mtu na kuanza kulima. Utamfukuza vipi mama wa mtu?"

Nilivuka matuta na viatu vyangu. "Mama, unafanya nini?"

"Nalipa."

"Unalipa nini? Watu hawa nimewalipa! Nina daftari, nina madole yao!"

Aliegemea mpini ili kuvuta pumzi. Alikuwa amekonda, na jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Alinieleza kwa utulivu, kama anavyoelezwa mtoto mgeni. Mvua zilipoanza, alikwenda kwa mzee kuomba siku ya ngoma, naye mzee akamjibu kwa heshima kwamba watakuja, ila karani ataandika lini? Hakuwa anamdhihaki. Walidhani nyumba yetu imehama kutoka kwenye desturi na kuingia kwenye ujira, na mtu akihama hafuatwi. Mama alirudi nyumbani, akafikiri usiku mmoja, asubuhi akachukua jembe. Watu kumi na wanne, siku moja moja kwa kila mmoja, kama ambavyo mimi ningepaswa. Amekwisha kwenda kwa tisa. Kwa mzee ni wa kumi.

"Umelipa mara mbili kazi moja," nilisema. Ndiyo, hayo ndiyo yaliyonitoka kinywani. Mama yangu anatweta mbele yangu katika shamba la mtu, na mimi naona kosa la hesabu.

"Wewe ulilipia paa," alisema. "Mimi nawatafuta watu."

Hasira yangu ni ya haraka, naijua. Ni ya baba. Nilimwambia ananiaibisha. Nilimwambia kwamba mama wa karani hawezi kuonekana akiwalimia watu waliokula fedha ya karani, kwamba kule Tabora nina heshima yangu, kwamba atajiua na watu watasema nimemtelekeza. Sauti yangu ilifika mpaka njiani. Kisha nikamnyang'anya jembe. Hakulishikilia. Alifungua tu vidole, akatazama kipande kilichobaki, ambacho kilikuwa hatua kama thelathini kwa ishirini, akasema, "Sijafika mwisho." Nilimshika mkono nikamwongoza nyumbani, mbele ya mzee, mbele ya yule mwanamke wa maji, mbele ya kila mtu.

Na nilipoondoka siku ya tatu, niliondoka na lile jembe. Nililifunga kwenye gunia nikapanda nalo treni. Nilijiambia kwamba namlinda. Asipokuwa na jembe atapumzika, nami nitatuma fedha za vibarua. Nililiweka nyuma ya mlango wa chumba changu Mtendeni, likiwa bado na udongo wa shamba la mzee. Fedha nilituma kweli. Vijana wa kijiji cha mbali walikuja, wakakwaruza nyasi juu juu, wakaondoka kabla jua halijaegemea.

Mama alikuwa na jembe jingine, kuukuu, lililoisha kwa kulimia miaka mingi mpaka likabaki dogo kama kiganja. Alilitumia kupalilia tu. Kwa jembe hilo alikwenda kwa wale wanne waliobaki. Kazi ambayo jembe zuri lingeimaliza kwa siku moja, lile lilimchukua siku mbili, na mvua za mwezi wa pili zilimkuta huko. Kwa mzee hakurudi. Alimwambia atamalizia kwake mwishoni, jembe lake likirudi kutoka Tabora.

Alikuwa anangoja nirudishe jembe. Hakuniandikia kuliomba. Mimi nilikuwa na pasi ya treni ya bure na sikuitumia.

Mwezi wa tatu simu ya maandishi ilikuja kutoka Igalula. Karani mwenzangu aliipokea na kuniletea karatasi. Homa ya mapafu. Nilipofika alikuwa amekwisha kufa tangu jana yake, amelazwa jikoni alikozoea kulala, kwa sababu ndani mvua ilikuwa inapiga bati kwa kishindo na watu walishindwa kusikilizana katika maombi.

Walikuja wote kumi na wanne. Walichimba kaburi kwenye udongo uliolowa, wakipokezana, na yule niliyemwandikia nusu siku ndiye aliyeshuka chini kabisa kusawazisha. Tulipomaliza kuzika nilisimama pale sijui mikono yangu niiweke wapi, na mkono mmoja, kwa mazoea, ukaingia mfukoni. Mzee alikuwa karibu yangu. Aliushika mkono wangu ukiwa bado ndani ya mfuko, kwa juu, akaubana.

"Hapana, baba," alisema polepole. "Hapana."

Siku ya kuondoa matanga nilimfuata kwake. Nilimwomba msamaha kwa maneno mengi, na aliyasikiliza yote. Kisha akanipeleka shambani. Mtama wake ulikuwa umesimama mrefu kila mahali, isipokuwa kipande kimoja katikati, hatua kama thelathini kwa ishirini, ambacho kilikuwa nyasi tupu. Hakukipanda. Hakumruhusu mwanawe yeyote kukilima.

"Alisema atarudi," alisema. "Ningekilima mimi ingekuwa nimemfukuza."

Nilirudi Tabora kwa treni, nikalichukua jembe nyuma ya mlango. Udongo ulikuwa umekauka juu yake, sikuubandua. Jumapili iliyofuata nilikuwa Igalula tena, na Jumatatu alfajiri niliingia kwenye kipande kile. Nilivua viatu. Nyasi zilikuwa na mizizi mirefu, na mpini ulikuwa umechongwa kwa kimo cha mama, ukaniinamisha kuliko kawaida yangu. Kabla jua halijafika utosini viganja vyangu vilikuwa vimetoka malengelenge na malengelenge yamepasuka. Nililia sana huku nalima, na sikujificha. Mzee alikaa juu ya gogo lake, hakunisaidia, na nilimshukuru kwa hilo. Nilimaliza baada ya adhuhuri.

Mkewe alileta ugali na mlenda, na togwa. Tulikula sote watatu kwenye kivuli cha ghala. Safari hii nilikaa mpaka chakula kikaisha. Mzee alinawa, akajifuta mikono, akasimama mbele yangu kama inavyotakiwa, akaniuliza:

"Nije lini kwako?"

Nilitazama upande wa nyumbani. Shamba la mama lilikuwa nyasi, na wa kulimiwa hakuwapo tena. Mimi nilikuwa na chumba kimoja Mtendeni na kazi ya kuandika magunia ya watu. Lakini aliyeulizwa hutakiwa kujibu, na jibu ni moja tu.

"Nitakuita," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa. Nikalibeba jembe, nikapita mbele ya nyumba iliyofungwa, ambayo paa lake halikuvuja hata tone, na alama ya dole la mzee ilikuwa bado ukutani karibu na mlango, nikashika njia ya stesheni kuwahi treni ya jioni.